Manyunyu ya Baba Mkwe

Machi 3
Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nautangazia umma wa nyumba hii kwamba leo, saa tatu kamili asubuhi, kipimamvua cha shule kimepokea mvua ya kwanza ya msimu: milimita mbili nukta nne. Msomaji wa kipimo, ambaye ni mwalimu wa jiografia mwenye kitambi na miwani iliyofungwa kwa uzi, alilowa mpaka soksi. Umma, yaani mke wangu, umezipokea habari hizo kwa kuuliza kama nimekumbuka sabuni. Sikukumbuka.

Machi 5
Milimita kumi na moja. Baba mkwe amehamia kwetu kutoka ng'ambo ya mji na begi moja la nguo na matatu ya miavuli mibovu. Ni fundi miavuli tangu mke wangu hajazaliwa, na masika ndiyo mavuno yake. Kufika tu, akatandaza vyuma na vitambaa barazani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kushona. Mimi ananiita Mwalimu. Miaka ishirini na mbili nimemwoa binti yake, na bado nikimwona naficha mikono kama niliyeiba kitu.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya kibofu. Alikuwa amevuta sigara miaka arobaini. Akaziacha siku ileile, akasema wameachana kwa talaka tatu. Madaktari waliukwangua uvimbe, kisha wiki sita mfululizo wakamwekea dawa humo humo kibofuni. Tukaambiwa yuko safi. Lakini tangu mwezi uliopita haja ndogo haimpi nafasi.

"Nimehesabu mlango wa choo," mke wangu aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini. "Leo mara kumi na sita. Ikiwa imerudi je?"

Nilimwambia haijarudi. Nilisema kama mtu aliyeulizwa na ofisi ya hali ya hewa.

Machi 9
Kliniki, sote watatu. Daktari ana sauti ya kubembelezea mtoto. Akamuuliza mzee anakwenda haja mara ngapi.

"Kiasi."

"Kiasi gani, mzee wangu?"

"Kiasi cha mtu mzima."

Mkojo ulishapimwa: hauna wadudu. Sukari iko sawa. Daktari akasema mzee aliyepitia saratani ya kibofu akianza kwenda mara nyingi, mlango wa kubisha si mmoja. Ile dawa hukichokoza kibofu kikabaki na hasira, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Makovu hukipunguzia nafasi. Tezi dume kwa umri huu hunenepa na kubana njia. Vidonge vya presha navyo vina mambo yao, na chai isisahaulike.

"Na yenyewe?" aliuliza mke wangu. Hakuitaja.

"Na yenyewe," alisema daktari. "Inaweza kurudi. Ndiyo maana sitaki kubahatisha."

Akatupatia jagi la plastiki lenye mistari na karatasi tatu zenye visanduku ishirini na vinne kila moja, kimoja kwa kila saa. Siku tatu, kila akienda, apime na kuandika. Mzee haoni maandishi madogo. Binti yake akanyoosha mkono kuzipokea karatasi, na mzee akageukia ukuta.

"Si binti yangu," alisema.

Watu wote duniani, na macho yote yakaniangukia mimi.

Machi 10
Sasa, mkwe na mkojo havikai katika sentensi moja. Asubuhi nilisimama nje ya mlango wa choo na kalamu, nikikohoa.  Nikakohoa tena.

"Mwalimu."

"Naam, Baba."

"Wewe si unapima mvua?"

"Napima, Baba."

"Basi andika. Manyunyu. Themanini."

Nikaandika mililita themanini. Tangu hapo tuna lugha yetu. Chini ya mia ni manyunyu. Mia hadi mia mbili, rasharasha. Zaidi ya hapo, mvua. Ikizidi mia nne anatoka kifua mbele na kutangaza: "Masika!" Na akienda akarudi bila kitu, anasema, "Mawingu tu," na uso wake hapo haufai kutazamwa.

Machi 11
Shuleni milimita sifuri. Nyumbani manyunyu kutwa.

Machi 14
Nimemaliza karatasi tatu, kwa rula na wino mweusi. Mke wangu anasema sijawahi kuandika hata barua ya posa kwa mwandiko huo.

Katika kitabu cha biolojia cha mwalimu mwenzangu nimesoma kwamba figo za mtu mmoja huchuja lita mia na themanini kwa siku moja, na karibu zote huzirudisha mwilini. Nilikaa nimekishika kitabu hadi kengele ikalia. Lita mia na themanini! Kuna mzee barazani kwangu anashona mwavuli huku ndani yake pipa zima linajazwa na kuchujwa, kisha kesho tena, na hakuna anayempigia makofi. Miaka ishirini nimewafundisha watoto mzunguko wa maji, bahari, mvuke, mawingu, na sikuwahi kutaja kwamba njia mojawapo inapita kwa baba mkwe.

Machi 16
Kliniki. Daktari aliisifu chati yangu. "Nadhifu," alisema, na nikavimba. Halafu uso wake ukabadilika.

"Hapa naona shida. Kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri ni kidogo kidogo, sabini, themanini, kila saa. Yaani hapati usingizi kabisa. Halafu jioni anatoa mwingi, mia nne, mia nne hamsini." Akaweka kalamu chini. "Kibofu kinachomwamsha mtu kila saa kwa matone, baada ya saratani, sikipendi. Kamera ya kuangalia ndani ya kibofu, tuliyopanga Juni, tutaivuta, tuingie Aprili tarehe ishirini. Na maji, mzee, ukishapita mchana upunguze, maana jioni unamwaga mno."

Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mjusi ukutani.

Nje ya mlango mzee akanivuta shati. "Mwalimu, mbona anasema usiku silali? Mimi usiku naamka mara tano, sawa, lakini ni mvua za nguvu, si manyunyu. Manyunyu ni ya asubuhi."

"Baba, daktari anajua anachosoma."

 Mke wangu alipofika nyumbani alifua nguo zilizokuwa safi.

Machi 17
Milimita thelathini na moja. Mzee kanywa maji nusu kikombe kutwa. Anatii kama askari.

Machi 21
Jumamosi nilimsindikiza mjini kununua waya za miavuli. Nilidhani tutafuata barabara kuu, dakika kumi. Mzee akashika kichochoro cha nyuma ya benki, akakata kituo cha mafuta, akapita maktaba, akazunguka soko kwa upande usio na wauzaji. Nikamwambia, kwa upole wa mtaalamu, kwamba tunapotea.

"Hatupotei. Benki wana choo lakini mlinzi mkali; umwambie unafungua akaunti. Kituo cha mafuta ufunguo anao yule dada mwenye kilemba. Cha maktaba ni kizuri, kina ndoano ya koti. Sokoni usithubutu."

Kwa mwezi na kitu mji huu ameuchora upya kichwani, choo hadi choo, umbali kwa hatua, saa za kufungua na za kufunga. Mimi nina ramani nane ukutani darasani na hakuna iliyowahi kumwokoa mtu. Nilitembea nyuma yake, yeye na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza sikuficha mikono.

Machi 25
Milimita kumi na tisa. Manyunyu, manyunyu, mawingu, manyunyu.

Machi 28
Jirani yetu, karani mstaafu, alikuja kuchukua mwavuli wake. Tukawa tunakunywa chai, yaani sisi. Mzee alikuwa anaitazama.

"Jana usiku kulinyesha sana," mzee aliniambia, kwa ajili ya kumbukumbu. "Mara tano. Ya saa nane ndiyo iliyotisha."

"Wapi?" jirani akashangaa. "Mbona kwangu kukavu?"

"Upande wetu huu," nikamwambia.

"Nyumba zimepakana!"

"Mvua za siku hizi," alisema mzee, "zinachagua."

Mke wangu alikimbilia jikoni. Tulimsikia akicheka kwenye kitambaa cha vyombo. Ni mara ya kwanza mwezi huu.

Machi 30
Mzee anasema inamchoma akienda. Midomo imekauka. Nikamsihi anywe. "Daktari kasema nipunguze." Kakaa kwenye kigoda tangu asubuhi hadi jioni, kashona miavuli kumi na minne, na zaidi ya hapo halalamiki ila sindano inapokataa.

Aprili 2
Milimita arobaini na nne, rekodi ya msimu.

Saa kumi na moja jioni mlango wa choo ulichelewa kufunguliwa. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Mwalimu."

"Naam."

"Imekuja na udongo."

Jagi lilikuwa na rangi ya chai iliyochemka sana. Hatukuwa na neno la mvua kwa jambo hilo, tulikuwa hatujalitunga, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka lihitajike. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Kwa mkono mwingine akanipa jagi nikalimwage.

"Mama asijue mpaka kesho," alisema. Mama ni binti yake. Tukaketi kula. Mke wangu alituangalia mmoja mmoja, akaweka kijiko chini.

"Tunakwenda asubuhi," alisema. "Nyie wawili mnadhani nyuso zenu zina mapazia?"

Aprili 3
Naandika kirefu, maana leo nimejua mimi ni nani.

Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Akatupokea muuguzi mkuu, mama mpana mwenye miwani kwenye kamba, ambaye anaita mgonjwa kwa sauti inayofika barabarani. Akaingiza kijikaratasi kwenye mkojo wa mzee, akasubiri rangi.

"Damu ipo, kidogo sana, ya kuonwa na karatasi, siyo ya macho. Hii rangi unayoiona ni kiu. Mzee, mkojo wako umekolea kama sharubati. Unakunywa maji?"

"Nimekatazwa."

Muuguzi akachukua chati zangu nadhifu, akazisoma, akazirudia. "Mwalimu, hukuweka alama za kulala na kuamka. Analala saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Weka alama."

Nikaweka msalaba kwenye kisanduku cha kumi na tano.

"Na kuamka?"

"Saa kumi na mbili asubuhi." Nikaweka msalaba kwenye kisanduku cha ishirini na nne.

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akamtazama mzee.

"Baba, wewe unaoka mikate?"

"Natengeneza miavuli."

"Maana hapa unalala saa tisa alasiri na kuamka saa sita ya usiku."

Nikamweleza, kwa subira ninayotumia darasa la tano, kwamba siku ina saa ishirini na nne, inaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo kisanduku cha kwanza ni saa moja asubuhi, cha kumi na mbili ni saa kumi na mbili jioni, na saa tatu usiku, kumi na mbili jumlisha tatu, ni cha kumi na tano. Kila mtu anajua hivyo.

"Nyanya yangu alijua hivyo," alisema. "Karatasi hii haikuchapwa na nyanya yangu. Siku yake inaanza saa sita ya usiku."

Kulikuwa na saa ukutani, kubwa, ya mviringo. Niliitazama kama vile imenisaliti. Kila tone nilikuwa nimelihamisha kwa saa sita. Manyunyu ya asubuhi daktari aliyasoma kuwa ya usiku wa manane. Zile mvua kubwa za saa tano, saa nane na saa kumi usiku, yeye aliziona jioni, akamnyima mzee maji ya mchana. Siku kumi na nane za kiu, kwa mwandiko mzuri.

"Baba," nilisema. "Nimekosa. Ni mimi."

Mzee alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, na ningestahili.

"Mwalimu wa jiografia," alisema, akihema, "kapoteza usiku! Usiku mzima! Ulikuwa umeuweka wapi?" Akacheka mpaka ikabidi atoke mbio, na muuguzi akashika mlango. Mke wangu hakucheka. Alinifinya mkono kwa nguvu, na sikuuliza kama ni kwa upendo.

Aliporudi, muuguzi alikuwa amesogeza kila namba visanduku sita mbele, kwa kalamu nyekundu. Mchana kutwa, mililita mia saba. Usiku, lita moja na robo. Akapiga goti, akapandisha suruali ya mzee, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu. Akakiondoa. Shimo likabaki pale, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

"Unakaa kutwa, miguu chini?"

"Msimu wa kazi."

"Basi maji ya mchana yanalala huku. Wewe ukilala, nayo yanaamka. Yanapanda taratibu kwenye damu, figo zinayapokea, zinayafanyia kazi usiku kucha. Kibofu chako cha usiku hakina kosa, Baba. Kinaletewa mzigo."

Nikalitazama lile shimo likijaa polepole, kama kidimbwi baada ya mvua. Miaka yote nafundisha kwamba maji hutafuta chini na hurudi juu. Sikujua yanafanya hivyo kwenye kigoda, ndani ya suruali, huku mtu anashona.

Daktari akaja, akasikiliza moyo, ukawa mzima. Kidonge kimoja cha presha, alisema, nacho huvimbisha miguu, akakibadilisha. Miguu iinuliwe kila alasiri saa mbili nzima. Maji anywe, mengi asubuhi na mchana, apunguze usiku tu. Kisha akaiambia karatasi, si mimi: "Tutaandika maelezo hapa juu."

"Lakini hayo yanaeleza usiku," aliongeza. "Manyunyu ya mchana," na hapo akatabasamu, maana mzee alishamfundisha, "hayajaelezwa. Wala hiyo damu ya karatasi. Kamera iko palepale."

Aprili 7
Milimita nane. Mzee anashona miguu ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama sultani wa miavuli. Usiku ameamka mara tatu.

Aprili 11
Mara mbili! Haichomi tena. Rangi ya majani makavu. Lakini asubuhi ni yale yale: manyunyu, mawingu, manyunyu.

Aprili 15
Leo alisema, bila kuinua macho kwenye sindano: "Hiyo dawa waliyoniwekea, Mwalimu, unajua ni nini? Ni wadudu wa kifua kikuu. Kaka yangu aliuawa na hao. Mimi wakanitilia ndani, wamenyang'anywa meno, ili mwili ukasirike, upigane, na katika kupigana uimalize saratani." Akakata uzi. "Aliyefikiria jambo hilo mara ya kwanza alikuwa na moyo gani?"

Nikamshikia mwavuli uliofuata, akaendelea kushona. 

Aprili 20
Kamera imefanyika. Wamekata kinyama kidogo kwenda kupimwa. Mke wangu nimemwambia nilisimama kando ya baba yake imara kama nguzo. Milimita sifuri.

Aprili 27
Hakuna majibu. Mvua zimekuwa chache. Tunaogopa simu, na tunaogopa isipolia.

Mei 4
Majibu. Hakuna saratani. Sehemu nyekundu iliyoonekana kwenye kamera ni mwasho ulioletwa na ile dawa. Kibofu bado kinapigana vita vilivyokwisha. Ndiyo manyunyu ya mchana, hiyo na tezi iliyonenepa kidogo, na makovu. Sababu zilikuwa nyingi, kama daktari alivyosema siku ya kwanza, na moja ilikuwa mimi. Watatazama tena baada ya miezi mitatu, kisha tena. Anaenda mara tisa kwa siku, na ameridhika nazo. Mke wangu amelala tangu saa kumi na mbili jioni, viatu mguuni, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Mei 5
Sasa niseme ukweli wa tarehe ishirini Aprili, siku ya kamera, maana uongo wa nguzo umeanza kusimuliwa kwa majirani.

Waliniruhusu kuingia. Mzee alilala macho, amepakwa jeli ya ganzi, shuka kifuani. Kwenye kioo cha kamera palitokea kitu nilichodhani ni mawio: waridi, laini, kinang'aa, maji yakicheza ndani. Mishipa ilipita humo ikigawanyika na kuungana, mito na vijito, kila kimoja kikijua kinakokwenda. Pale walipokwangua mwaka jana palikuwa peupe, kama ziwa lililokauka chumvi. Daktari akasogeza kamera hadi kwenye tundu dogo kama mdomo uliofumbwa. "Subirini," alisema. Tukasubiri. Mdomo ukafumbuka, ukatema mkondo mmoja mwembamba, ukafumba. Ilikuwa figo, ikimaliza kazi yake. Baada ya kitambo ikatema tena. Nilitaka kuvua kofia, na sikuwa na kofia.

Halafu kamera ikageuka, na hapo palikuwa pekundu. Doa la ukubwa wa kucha, lenye manyoya. Daktari akaisogeza kamera karibu. Nikamtazama usoni, nikaona anapima maneno.

Sikuzimia. Niliteleza ukutani taratibu, kwa heshima, mpaka nikakaa sakafuni. Muuguzi mkuu akanishika kwapa. Na mzee, mwenye kamera ndani, akageuza shingo kwenye mto akasema, "Mpeni maji huyo."

Wakanitoa hadi kwenye korido. Huko nililia. Nililia kwa sauti, na mtu mmoja mwenye mkono uliofungwa bendeji akahama benchi.

Sikumsikia mzee akitoka. Alikuja amevaa gauni la hospitali, miguu mitupu kwenye vigae. Wakati huo hakuna aliyejua jibu, si yeye, si mimi, si daktari. Lile doa alikuwa amelitazama kwenye kioo, macho wazi, kwa muda mrefu kuliko nilivyolitazama mimi. Akaweka mkono mmoja begani kwangu. Mwingine ulikuwa umelishika gauni kwa nyuma lisifunguke.

"Basi, baba, basi," alisema. "Mwenye kibofu ni mimi."